Thuo Mbuthia wa Gazeti

Jumanne, 2 Septemba 2025

Baba mdogo Kipyego amekuja tena dukani na maiti. Tangu astaafu ualimu amegundua ukurasa mmoja wa Facebook unaoweka magazeti ya zamani ya Nairobi, kesi za mauaji tupu. Mzee wa kanisa mzima! Wiki jana alinisomea ya mshonaji aliyenyongwa na tepu yake mwenyewe, mimi nampimia mteja dawa ya kupe, mteja amesahau hata chenji. Anasoma na ile sauti yake ya gwaride la shule. Mzungu akiuawa anapewa ukurasa mzima, na picha, hata mbwa wake anatajwa. Mwafrika ni mistari mitatu chini ya tangazo la sabuni. Hilo Kipyego halioni. Yeye anaangalia kisu kilikuwa cha aina gani.

Leo hakusoma. Aliweka simu juu ya kaunta akaniambia nisome jina.

Mwaka 1966. Thuo Mbuthia, mpishi wa hoteli, amepatikana na hatia ya kumdunga kisu karani aitwaye Kituyi huko Eastleigh. Atanyongwa.

Thuo Mbuthia. Jina la mwanaume anayekuja kwetu kuniposa mwezi ujao!

Nilimwambia akina Thuo wako wengi kama viazi. Akatabasamu kama mtu ameshika mwizi. Ati Wakikuyu hurithisha majina, mjukuu hubeba ya babu, na huyu wangu amebeba yote mawili, jina na damu. Alifundisha sayansi huyu. Watoto wa watu!

Jumatano, 3 Septemba

Nimempigia Thuo. Akasema ndiyo, ni babu yake. Amejua tangu utotoni. Mbona hukuniambia? Akasema kwao hiyo si siri, ni habari ya zamani tu, hakujua ni kitu mtu anatangaza. Nikakata simu. Nikapiga tena. Tunaenda Timboroa Jumapili, nimuulize nyanya yake mwenyewe, Shosho Wahu.

Kipyego naye ameshatuma picha ya gazeti kwa WhatsApp ya familia. Binamu aliye Qatar amejibu na emoji ya kisu. Shangazi wa Chepsaita ametuma Zaburi. Hakuna hata mmoja ameuliza Kituyi alikuwa nani.

Jumapili, 7 Septemba

Timboroa, baridi ya kung'ata masikio. Shosho Wahu amepita themanini na bado anakuangalia kama anakununua. Nilienda nikitaka kitu cha kumtupia Kipyego usoni: alisingiziwa, polisi walimpiga akakiri, chochote. Hakunipa.

"Aliua," akasema. "Walikuwa wamelewa, wakagombania koti."

Koti! Na Kituyi alikuwa rafiki yake, walikuwa wanakula sahani moja. Shosho anasema gazeti halikudanganya, halikumaliza tu.

Mwisho wake ni huu. Mama yake Kituyi, anaitwa Nasike, alitoka Bungoma akaja kesi. Siku ya hukumu alienda chumbani kwa Shosho na fimbo, kumchapa mke wa muuaji. Akapata msichana tu, hajakula, na mtoto analia kwa homa. Huyo mtoto ni Mbuthia, baba ya Thuo wangu. Nasike alisimama mlangoni muda mrefu. Halafu akaegemeza fimbo ukutani, akamchukua mtoto.

"Alisema, huyu hajaua mtu," Shosho akasema. "Akaketi kwa kitanda changu akamnywesha uji na kijiko."

Baadaye akaenda naye Bungoma, akamlea huku Shosho akitafuta kazi. Mbuthia alijua Kibukusu kabla ya Kikuyu. Mtoto wa muuaji, mgongoni kwa mama wa marehemu. Hiyo gazeti gani lingeandika? Chini ya sabuni gani?

Mbuthia ndiye aliyeuawa pale Yamumbi, jirani na kwetu, mwanzo wa 2008, zile fujo za uchaguzi, watu wetu walipofukuza Wakikuyu. Nyumba yao ikachomwa, wengine wakakimbilia huku Timboroa. Thuo hapiti Yamumbi mpaka leo. Akiwa na pikapu ya viazi anazunguka. Hatujawahi kuongea juu ya hilo. Yeye hasemi, mimi siulizi. Ndivyo tunavyopendana watu wa hapa.

Jumamosi, 20 Septemba

Kikao cha familia, sebuleni kwa Mama. Kipyego amevaa suti! Ameenda cyber akatoa lile gazeti kwa karatasi kubwa, la rangi, kitu ambacho asili yake ni nyeusi na nyeupe. Kila mtu akaipitisha kwa mkono kama sadaka. Akasema sherehe isimame mpaka wazee wachunguze huo ukoo, ati hatuwezi kutoa msichana kwa watu waliomwaga damu. Wazee wawili wakaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa anamimina chai. Tangu Baba afe Kipyego ndiye anayesema kila kitu katika nyumba hii.

Nilimngoja amalize. Sauti yangu haikupanda.

"Baba mdogo, na gazeti la 2008 utatusomea lini?"

Mzee mmoja akakumbuka ng'ombe wake hajakamuliwa, na ni saa nane mchana. Kipyego akakunja karatasi. Nilifurahi. Sana! Watu wanamwogopa mpishi aliyekufa kabla hawajanyoa ndevu, na kila Jumapili wanapeana mikono ya amani na waliobeba petroli. Huyo wa Nairobi angalau alishtakiwa.

Jumapili, 21 Septemba

Mama hakuenda kanisa. Aliniita jikoni, akafunga mlango, akaendelea kuchambua maharagwe. Akauliza kama nakumbuka mwaka ule. Nikasema nakumbuka Chepsaita, tulipelekwa kwa shangazi.

"Mlipelekwa msione," akasema. Halafu, bila kuinua macho: "Ukiuliza lile swali tena, jina la kwanza kutajwa si la Kipyego. Ni la baba yako."

Baba. Aliyekuwa analisha ndama na chupa. Mchungaji alimsifu kaburini mpaka mvua ikatunyeshea.

Mama anasema Baba alienda Yamumbi na wenzake. Kipyego — Kipyego! — alimshika pale kwa geti akimsihi asiende, akasukumwa mtaroni. Baba aliporudi alichoma nguo zake nyuma ya stoo. Hakusema alifanya nini, na Mama hakuuliza. Hajawahi kujua. Mtu alikufa mkononi mwa Baba au hakufa, hajui.

Na Kipyego hana shida na mpishi wa 1966. Anaogopa watu wa Thuo waingie humu ndani, waangalie picha ya Baba ukutani, waulize. Alikuwa anatafuta sababu ya kuzuia. Gazeti likampa.

Nimeosha sufuria moja mara nyingi leo.

Jumanne, 30 Septemba

Mtu ameniomba dawa ya viazi nikampa ya minyoo ya mbuzi. Amerudi nayo akicheka. Thuo anapiga simu, namwambia nina homa. Sijamwambia. Yeye nilimkatia simu kwa sababu ya mtu aliyenyongwa kabla sisi wote hatujazaliwa. Mimi sasa nina homa. Mjinga mkubwa.

Kipyego amepita dukani. Simu imebaki mfukoni. Akanunua chumvi ya ng'ombe, akasimama. Akasema basi, waje tu, ameongea na wazee. Nikamwambia Mama ameniambia habari ya geti. Akaniomba nisiseme kitu, kwa heshima ya ndugu yake. Sikuweza kumcheka. Nilijaribu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wamekuja. Niko chumbani, msichana hatoki mpaka aitwe, naandikia magotini. Ukuta ni wa mbao, nasikia kila kitu. Kipyego anakaribisha, mdomo asali tupu. Kila mtu ametajwa na ukoo wake. Baba ametajwa pia: mtu wa amani. Mtu wa amani!

Thuo ameketi karibu na mlango, namsikia akikohoa. Mpaka sasa sijamwambia. Nilikuwa niseme jana.

Sasa Shosho Wahu anaomba kusema. Mwanamke, kabla ya wazee kumaliza! Wanakohoa. Yeye anaendelea. Anasema amesikia kuna gazeti, basi haina haja lipitishwe, atalisoma yeye. Mume wangu, anasema, aliua mtu. Aliyeuawa anaitwa Kituyi, alikuwa rafiki yake. Anawaeleza koti. Anawaeleza Nasike na fimbo. Hakuna kikombe kinasikika.

"Huyo mtoto alikua," anasema. "Akafia hapa kwenu Yamumbi. Sikuja kutafuta mtu. Lakini kijana wangu hawezi kuoa mahali nimesema peke yangu."

Kipyego anaanza: Mama Wahu, hayo mambo ni ya zamani. Yeye! Mwezi mzima hajatoka 1966!

Kiti kinasukumwa. Mtu amesimama. Nilidhani ni Kipyego, lakini sauti yake bado inatoka kitini. Ni Mama. Hajawahi kusimama mbele ya wazee, hata kwa mazishi.

"Kipyego, nyamaza," anasema.

Anasafisha koo. Anaanza na jina la Baba —