Kamati ya Harusi Inataka Kutusindikiza Hadi Padua

Shangazi Mwatumu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Temple Hills, huku Marekani. Nakusikiliza redioni kila Jumamosi nikipiga pasi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayeandika, maana nina furaha kupita kiasi, nina miezi mitano tu katika ndoa na mume wangu Gregori bado ananipigia simu wakati wa mapumziko ya kazi kuniuliza kama nimekula, na moyo unanidunda kama siku ile aliponishikia mlango wa kanisa, lakini nisaidie kabla furaha hii haijanitokea puani.

Mama mkwe wangu yuko Kibosho. Aliomba viza ya kuja kwenye harusi yetu mara mbili na mara mbili akanyimwa, akaiangalia harusi ya mwanawe wa kiume wa pekee kwenye simu ya jirani, na mtandao ukakatika pale pale tulipovishana pete. Sasa wifi yangu, Sista Vaileth, ni mtawa huko Padua, Italia, mji wa Mtakatifu Antoni, na shirika lake limemwalika mama amtembelee, viza ya Italia akapewa, basi Gregori akaniambia, "Mke wangu, Juni twende siku nne tu, mama akuone," nami nikalia hadi kope za bandia zikabanduka. Nimeshaota yote, Misa ya asubuhi kwenye basilika, kisha mimi na mpenzi wangu tumeshikana mikono chini ya zile baraza za matao, na mama mwenyewe akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, mimi sitaki kutembezwa, nyonga hii hainiruhusu. Nataka tukae mezani nikuone ukila."

Kosa langu ni kwamba siku hiyo hiyo nilituma picha ya basilika kwenye kundi la WhatsApp la kamati yetu ya harusi, nikaandika, "Jamani tunakwenda Padua kumwona mama!" na walipojibu, "Hongereni, mnatuacha?" nikajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, "Karibuni sana."

Shangazi, wamekaribia.

Haikupita saa moja mwenyekiti wetu, Mzee Mwita, akaandika: "Ajenda mpya, Safari ya Padua. Kikao Jumapili saa kumi kwangu Oxon Hill. Tujali muda." Nilidhani ni utani. Tulipofika tulikuta watu tisa wameketi kwa mpangilio ule ule wa vikao vya harusi, na katibu, dada Edna, amefungua daftari lile lile. Wote tisa wanakwenda! Wanakodi basi, siku ya kwanza Venisi, ya pili Verona, ya tatu Florensi, ya nne manunuzi, sare ni kitenge cha rangi ya machungwa, na mshereheshaji ameshaulizia kama kipaza sauti kinaruhusiwa ndani ya basilika.

Nikauliza, "Na mama je?"

Dada Edna akafunua ukurasa. "Mama tumemwundia kamati ndogo ya mapokezi. Yeye ndiye mwenyekiti."

"Mapokezi ya nani?"

"Yetu! Si mama mzazi? Atafurahi."

Jepkosgei, Mkenya ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee na ndiye aliyenisimamia harusini, alikuwa pembeni yangu, akasema, "Woi, kwani hii harusi haikuisha? Mnangoja nini tena, mtoto?" Mzee Mwita akamjibu bila hata kucheka, "Mtoto ana ajenda yake."

Juzi Sista Vaileth akanitumia sauti: "Wifi, huku ni nyumba ya watawa, tuna vyumba viwili vya wageni. Huyo katibu wenu ananiuliza kama uani panafaa kuchoma mbuzi." Nikimwambia Gregori wangu awakatalie, anashika kichwa, "Nianzie wapi, mpenzi? Mzee Mwita ndiye aliyesimama mahali pa baba." Na ni kweli, watu hawa walituandalia harusi nzuri mno, tena hata sherehe ya kuvunja kamati hatukuwafanyia, ilipangwa Januari, theluji ikaanguka, tukaahirisha, ikapita hivyo. Jana mama akapiga simu. "Naambiwa mnakuja kumi na mmoja. Kule ni kwa watu, mwanangu, nitawaweka wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

Zimebaki wiki saba. Nifanyeje?

Irene, Temple Hills

*

Irene binti yangu,

Hongera kwa ndoa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikitamani kukufinya sikio.

Umenieleza habari za kope na kitenge, halafu jambo lenyewe ukalidondosha mwishoni kama kitu kisicho na maana: hamkuvunja kamati. Sasa unashangaa nini? Kamati ambayo haijavunjwa ipo kazini. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, katibu bado ana daftari, na kwa miezi mitano hawana la kufanya. Wewe ukawapelekea picha, ukaweka na "karibuni" juu yake. Theluji iliyeyuka zamani, mwanangu. Hiyo si sababu tena.

Mzee Mwita hajawavamia. Anaendelea na kazi ambayo hamjamshukuru wala kumpumzisha.

Kwa hiyo Jumamosi hii, si ijayo, waiteni wote tisa. Ukumbi hauhitajiki, sebule yenu inatosha. Nenda Silver Spring ununue nyama ya mbuzi, upike pilau la kueleweka. Watu wakishashiba, Gregori asimame. Nimesema Gregori, si wewe. Mwanamume anayekumbuka kuuliza kama mkewe amekula anaweza pia kukumbuka kusema hapana. Aseme hivi: "Mzee, ulisimama mahali pa baba yangu. Sasa naomba nikamwone mama, mimi na mke wangu tu." Akome hapo. Asiongeze "labda" wala "tutaona".

Kisha mpigieni mama, simu iwe mezani, amshukuru kila mmoja kwa jina lake. Hawa watu walimwoza mwanawe na hawajawahi kuisikia sauti yake. Huenda hilo ndilo walilokuwa wanalifuata Padua. Baada ya hapo Mzee Mwita aivunje kamati kwa kinywa chake mwenyewe, na Edna alifunge kundi mkiwa mnaona.

Anayetaka Venisi aende, haiko chini yako. Lakini si kwa tarehe zenu, na si kwa masista. Wakikuuliza tena, "Mnatuacha?" jibu ni, "Ndiyo, tutawaletea picha." Neno "karibuni" lipumzishe hadi Julai.

Mkifika Padua, matao yamekuwepo miaka mingi, yatakungoja wewe na mpenzi wako. Kwanza kaa mezani, mbele ya mama mkwe wako. Simu iache chumbani. Kula.

Shangazi Mwatumu