Mpunga Usiopandwa na Mtu

Garsen, Jumanne, Februari 1998

Yaani mpunga mwitu ninaoung'oa shambani kila msimu ndio umetulisha leo! Mafuriko yalibeba mahindi na mpunga wetu wote. Huu mwitu umesimama tu, kama haukuyaona maji.

Mbegu zake hudondoka upesi, ndiyo maana juzi niliyafunga masuke mafungu mafungu. Leo asubuhi nikasikia ng'ombe wa jirani yetu Guyo, nikakimbia nikijua tumekwisha. Kumbe ameshawageuza.

“Mama Amina, nimeona umeyafunga masuke. Vuna kwanza.”

Wali wake mwekundu, kuutwanga ni kazi, lakini watoto wamelamba sufuria.

Kesho nikimaliza kuvuna nitamwita Guyo alete ng'ombe, wamalize majani. Mizizi ile imelishinda jembe langu miaka yote. Ng'ombe wataiwezea wapi?