Mama Verediana, Fundi wa Asubuhi na Mfanyabiashara wa Alasiri

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tukusindikize kule kilimani nyuma ya kanisa, na bado wapo wanunuzi wanaoingia uani Nyakarambi wakikuulizia. Tukiwaambia umetangulia, huomba angalau waone kazi zako. Tunawaonyesha. Tunajivuna nazo, hatufichi.

Ulikuwa fundi wa imigongo, ile michoro yetu inayoinuka ubaoni kama matuta ya viazi, ikifinyangwa kwa mavi ya ndama na majivu, kisha ikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mgeni akikunja pua ulimwambia, "Nusa vizuri, hutasikia kitu." Naye aliinama akanusa kweli, mtu mzima na tai yake, nawe ukatukonyeza. Ulipenda sana kuwachezea watu, na hakuna aliyekukasirikia.

Tunakumbuka mwaka wa ile hoteli ya Kigali. Ulipokea oda kubwa, ukawaita wanawake wa jirani, akina Konsolata, waje wakusaidie, ukawa bosi. Kutwa simu sikioni, matuta yakiinuliwa na vidole vya wengine. Muda ulipobana, ukaagiza kwa simu kwamba mbao zianikwe juani. Kila mtoto wa hapa anajua kuwa imigongo hukauka kivulini, na aliyetufundisha ni wewe. Mbao zikapasuka kama visigino vya kiangazi. Mdogo wako Dafroza akaanza kulilaani jua.

"Usilisingizie jua, Dafroza," ukamwambia. "Jua limefanya kazi yake. Mimi ndiye sikuwepo."

Baba, mumeo, akakushauri uache kimoja. "Mama Niwe, chagua. Ama ufundi, ama biashara. Mshika mbili moja humponyoka."

"Humponyoka mwenye mkono mmoja, mzee. Mimi ninayo miwili."

"Na kichwa je, unacho kimoja au viwili?"

"Kimoja. Ndiyo maana nitakitumia kwa zamu."

Tukacheka, lakini hukuwa unatania. Tangu hapo asubuhi ikawa ya mikono na alasiri ikawa ya mdomo. Asubuhi ulikaa chini karakanani, simu imezimwa, na hata askofu asingepata bei kwako. Alasiri ulioga, ukajifunga kitenge kizuri, ukauza. Na uliuza haswa, Mama. Waliodhani msanii hajui kubishana bei walirudi kwao wameloa jasho.

Mtihani ulikuja pale Bwana Sebahire wa hoteli ileile aliporudi kutupa nafasi ya pili. Alitaka mbao za vyumba vyote kabla ya Krismasi. Tulijua akiondoka bila kuelewana nawe, karakana inafungwa na akina Konsolata wanarudi kulima vibarua. Naye alifika asubuhi.

"Mama, nimetoka Kigali," akasema.

"Pole kwa safari. Mfanyabiashara unayemtafuta anakuja alasiri."

"Kwani wewe ni nani?"

"Mimi fundi tu. Mambo ya bei siyajui."

Niwemugeni, binti yako, alitamani ardhi impasukie. Dafroza akamletea mgeni mtindi na kiti. Yule bwana akakaa kwa hasira, kisha akakaa tu, kisha akaanza kuvitazama vidole vyako vikiinua tuta baada ya tuta, na saa yake hakuiangalia tena. Alasiri ukatokea umependeza, ukamwambia mbao hazitakuwa tayari Krismasi, zitakuwa tayari zikikauka. Akakubali. Alipokuwa akiondoka alimnong'oneza Baba kwamba yule wa asubuhi ni mpole, ila huyu wa alasiri hapana.

Karakana haikufungwa. Imewasomesha watoto wa wanawake wote wanaofanya kazi humo, na hakuna ubao uliotoka pale bila vidole vyako kuugusa. Tunakustahi kwa hilo kuliko tulivyowahi kukuambia.

Ulipolazwa, tulidhani sasa umepumzika na yote. Siku moja muuguzi mgeni alipita wodini mapema, akakunyooshea mkono akusalimu. Wewe ukakunja ngumi, ukampa kifundo cha mkono ashike, kama tusalimiavyo huku mtu akiwa na mikono michafu.

"Bibi, mbona mikono yako ni misafi?" akauliza.

Ukamtazama kama mtu aliyekatizwa kazi. "Ni asubuhi, mwanangu."

Akakishika kifundo chako kwa mikono yake yote miwili, akakusalimu upya, kwa heshima.

Unakumbukwa na mumeo Mzee Rwabukumba, asiye tena na wa kubishana naye, binti yako Niwemugeni na mumewe, wajukuu zako, mdogo wako Dafroza, Konsolata na wanawake wote wa karakana, pamoja na majirani wa Nyakarambi.

Mukamusoni Verediana, Mama yetu, siku ya kukusahau haipo.