Handaki la Runingu

Kavimvira, Uvira

Kwa Yaya Mariamu, dada yangu wa tumbo moja,

Ni minye, mdogo wako Amisi. Kabla ya neno lingine nauliza kifua chako. Mara ya mwisho uliniambia kinabana kila ukiamka, na mvua huku hazijaisha, nadhani hata huko kwenu Kalemie iko hivyo. Kama ile dawa ya majani ilikusaidia, usiiache. Minye mwili uko mzima. Nasema mwili tu, mengine utayasoma hapa chini.

Barua hii nimempa mama mmoja muuza mawese anayepanda boti kwenye bandari ya Kalundu. Najua mume wako, Shemeji Yusufu, pengine amekwisha kufika nyumbani, au yuko njiani. Atakueleza habari za kijiji cha Runingu kwa namna yake. Naomba usome na zangu.

Unakumbuka aliponiita huku. Nilikuwa fundi wa kupanga matofali, yeye injenia mwenye shahada. Alinifundisha kusoma plani, kupima mteremko kwa mpira wa maji, kuujua udongo kwa kuufinya tu kiganjani. Watu wa Uvira walidhani tumezaliwa pamoja, na sikuwasahihisha. Nilimpenda, Yaya. Usisome barua hii kama ya mtu aliyekuwa na chuki tangu zamani.

Vita viliposhuka kwenye bonde la Ruzizi, wanajeshi waliokuwa wameshika vilima juu ya Runingu walimpa kazi ya kuwajengea handaki. Akanichukua niwe msimamizi wa mafundi. Tulipofika, chefu wa kijiji alikusanya watu, Shemeji akasimama mbele yao akasema handaki hilo ni la akina mama, watoto na wagonjwa wa kituo cha afya. Mabomu yakianza, wapande wote waingie. Jeshi lina simenti, akasema, lakini halina miti wala mikono, basi mwenye miti achangie miti na mwenye nguvu aje achimbe.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa pale, wanamwita Mama Furaha kwa jina la binti yake. Nyuma ya nyumba alikuwa na mikaratusi aliyoipanda na marehemu mume wake, wakitumaini siku moja watajengea nyumba ya mabati. Jioni hiyo alikuwa anachambua maharagwe, akaniuliza bila kuinua macho, "Amisi, weye njo fundi. Ile nyumba ya chini ya udongo iko yetu kweli?"

Nikamwambia ni yenu, mama, nimesikia kwa kinywa cha shemeji yangu. Asubuhi yake alinizungusha shambani akinionyesha miti ya kukata, mmoja mmoja, akiugusa kila mmoja kwa mkono.

Acha nikueleze tulivyolijenga, kwa sababu sijawahi kujenga kitu kizuri kama kile, na hilo njo linaniuma. Tuliingia ndani ya kilima chenyewe. Njia ya kuingilia haikunyooka: unatembea hatua nne, ukuta unakuzuia, unakata kushoto, halafu kulia, ndipo chumba kinafunguka mbele yako. Shemeji alinieleza kwamba upepo wa bomu ni kama mto, ukiunyooshea njia unafika mpaka mwisho, ukiupinda unachoka. Nguzo tulizisimamisha karibu karibu, kila moja imekanyaga gogo lililolazwa ili isizame udongo ukilowa. Juu yake safu mbili za magogo yaliyopishana, kisha plastiki ya kuzuia mvua, kisha udongo wa mfinyanzi, kisha mawe makubwa tuliyoyabeba kutoka mtoni. Kazi ya mawe hayo ni kulipasua bomu huko juu kabla halijazama. Mwisho tukafunika kwa udongo na majani, hata ukisimama karibu ungedhani ni kilima tu. Pembeni nilichimba mfereji wa kutoa maji, kina cha kifua, nikaupindapinda kwenda chini, kwa sababu mfereji ulionyooka unakula udongo mvua zikizidi.

Udongo wa paa ulishindiliwa kwa miguu ya watu. Kijiji kizima kilipanda, wanawake wakiimba, na Mama Furaha na miguu yake ya kuvimba alikuwa katikati yao. Nilisimama pembeni nikajiona mtu.

Wiki ya mwisho wakaleta mlango wa chuma wenye komeo kwa ndani peke yake. Halafu Shemeji akaniagiza niache matundu matatu membamba ukutani, upande unaotazama bonde. Nikamwuliza ni ya nini. Akasema ni ya hewa. Yaya, tundu la hewa unaliweka juu, karibu na paa. Huliweki usawa wa bega la mtu, likitazama barabara ya bondeni. Niliona, nikaelewa ni ya bunduki, nikanyamaza, kwa sababu aliyesema alikuwa yeye.

Mabomu yalianza mchana, siku ya soko. Watu walikimbilia kilimani kama walivyoambiwa, wengine na vikapu bado kichwani. Kwenye maingilio walikuta askari wawili, wakaambiwa warudi, ndani hakuna nafasi, kuna risasi. Nilipita katikati ya askari hao mpaka kwenye mlango wa chuma, nikagonga nikiita jina la Shemeji. Alikuwa ndani. Akafungua upana wa kiganja. Nyuma yake niliona masanduku ya risasi yamepangwa vizuri mpaka juu. Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, sikuiona. Alikuwa na haraka tu.

"Ingia," akaniambia. "Weye peke yako."

"Na hawa?"

"Hapa hapakuwa pao tangu mwanzo. Sikuwa na namna nyingine ya kupata miti. Ingia, Amisi, dada yako ataniuliza."

Jina lako, Yaya, alilitumia pale.

Sikuingia. Niligeuka nikawaambia watu washuke kwenye mfereji wa maji, walale penye kona. Walinisikiliza, sijui kwa nini. Kona zile ziliwaokoa karibu wote. Mama Furaha alikuwa wa nyuma, hakuwahi kufika. Kipande cha bomu kilimpata kwenye nyonga. Bomu jingine likaanguka juu ya paa la handaki, mawe yakalipasua kama tulivyopanga, wala hakuna gogo lililovunjika. Kazi yangu ilishika imara, ikalinda masanduku.

Mama Furaha tulimbeba kwenye mkeka, watu wanne. Alikata roho kabla hatujafika kituo cha afya.

Baada ya mazishi binti yake, Furaha, aliniita uani. Hakuwa analia. Akaniuliza, "Amisi, weye ulijua?"

Nilitaka kusema hapana. Nikamwambia niliona matundu nikanyamaza. Akaniomba nihame. Hakuinua sauti. Yeye mwenyewe alikunja mkeka wangu, akaufunga pamoja na sufuria yangu. Ningependa kama angenitukana. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa chefu, nikamweleza mbele ya watu wake yote niliyoyajua na siku niliyoyajua. Njo maana unaona nimeandika Kavimvira. Napanga matofali hapa karibu na mpaka.

Wanajeshi nao wamekwisha kuondoka kule, na masanduku yao.

Juzi Shemeji alikuja kunitafuta hapa. Alinunua chai, akaniuliza habari za mgongo wangu, kama zamani. Kisha akatoa karatasi ya Kifaransa. Imeandikwa kwamba handaki lilijengwa kwa ajili ya wananchi wa Runingu, wakakabidhiwa, wakalitumia, na msimamizi Amisi ni shahidi. Anaihitaji ili apewe kazi kama hiyo kwenye vijiji vingine vya bonde. Yaya, atasimama tena mbele ya wajane awaombe miti.

Nilimwambia sitasaini. Akasema ni karatasi tu, aliyekufa hatarudi. Akasema kila ninachojua alinipa yeye, na hilo ni kweli. Mwisho akakunja karatasi akaiweka mfukoni, akasema kwa upole, "Basi nitakusainia. Nani huku anaijua saini yako?"

Sikuombi umwache. Ni mume wako na baba wa watoto wako, na nyumbani pengine ni mtu mwingine. Nakuomba tu barua hii usiiweke ndani ya nyumba yake. Mpelekee Baba Mdogo, aifunge pamoja na karatasi zake za msikitini.

Nisalimie Baba Mdogo huyo, mwambie bado naswali. Msalimie shangazi yetu asiyeona, mshike mkono umwambie ni salamu zangu. Wanao wote wawili nawabusu. Jirani yako mshonaji, aliyenipa koti nilipoondoka, mwambie bado nalivaa.

Ningeweza kukupigia simu, sauti ingefika leo leo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu ni weye uliyenishika vidole nikaandika herufi ya kwanza, kwa mkaa, ukutani, mwaka mama yetu alipotutoka. Siku ukiletewa karatasi ya Yusufu yenye jina langu, iweke kando ya hii, utazame mwandiko wa majina yote mawili. Utajua lipi ni langu.

Mdogo wako,
Amisi