Mizinga Miwili na Msiba wa Jirani

Jumapili, 2 Julai 1989

Baridi tena. Wingu limelikalia ziwa tangu Alhamisi na nyuki hawakutoka mpaka saa nne. Maua hakuna. Nimekoroga sukari kwa maji vuguvugu, nikaweka kwenye visahani, na vijiti juu ili wasizame wakinywa. Mke wangu, Mama Atieno, amenuna. Sukari ya chai inaliwa na wadudu! Nimekunywa uji bila sukari ili asipate la kusema. Akalipata.

Kanisani sikwenda.

Jumanne, 4 Julai

Nimeukandika mzinga wa mbao kwa samadi na udongo, kila ufa, kama tunavyokandika ghala la wimbi. Kipupwe hakitawapata. Mzinga wa gogo, ule wa zamani, nimeuacha vivyo hivyo. Umejaa nyufa, na mgongo unaniuma. Mapenzi hayagawanyiki sawa. Wa mbao niliupigilia misumari mwenyewe mwaka niliostaafu bandarini Kisumu. Wenzangu walifungua maduka. Mimi nilitengeneza sanduku la nyuki, na watu wa Asembo wakacheka mpaka walipoonja asali.

Jumamosi, 8 Julai

Mzee Ogola amefariki alfajiri.

Jirani yangu, ua kwa ua. Alikuwa mtu pekee aliyeweza kuketi kando ya mizinga bila shati, akivuta kiko, wasimguse. Mwaka jana nyuki wangu walimuua mbuzi wake aliyefungwa kamba karibu na ua. Naibu wa chifu akaapa kwamba wakidhuru tena, mizinga itachomwa yote. Ogola ndiye aliyemtuliza. Alisema mbuzi mwenyewe alikuwa na kiherehere.

Nimelia nyuma ya zizi. Miaka sitini na moja, nalia kama mtoto.

Jumatatu, 10 Julai

Wazee wamekuja. Mazishi ni Ijumaa. Kabla ya kuzika kutakuwa na tero buru: ng'ombe wataswagwa mpaka ufukweni na kurudishwa mbio, na ngoma, pembe, mikuki, ili kifo kifukuzwe kwenye boma. Mtu wa hadhi ya Ogola hawezi kuzikwa bila hayo. Na njia ni moja tu, hii inayopita kando ya ua wangu.

Nyuki na ng'ombe wenye jasho hawapatani kabisa. Na sasa wana njaa, hasira ziko karibu. Wazee hawakusema kitu kuhusu kuchoma. Waliitazama tu mizinga, kisha wakanitazama mimi. Kuihamisha siwezi. Wa mbao unataka watu wanne, na sijapata hata mmoja mwenye moyo huo. Nimeahidi nitawafungia ndani. Nimeahidi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi, 13 Julai

Jioni, wote waliporudi, nimeziba milango ya mizinga yote miwili kwa gunia bichi na tope. Kesho jioni nitafungua. Siku moja haiwaui.

Ijumaa, 14 Julai

Mazishi yamesogezwa hadi kesho. Ochieng, kifungua mimba wa marehemu, hajafika kutoka Mombasa. Bila yeye hakuna atakayetupa udongo wa kwanza. Ni haki yake, siwezi kulaumu. Nalaumu hata hivyo.

Na leo, kati ya siku zote, jua limetoka. Jua kali, la Januari. Ngoma tangu saa tatu asubuhi, njia imejaa waombolezaji, kufungua siwezi. Nimeweka sikio kwenye mzinga wa mbao: wananguruma kama stovu. Mbao zina moto. Nimefunika kwa majani ya mgomba, nimemwagia maji, nimefunika tena. Huko kwa jirani wanauliza niko wapi. Najua wanauliza.

Magharibi nikachukua kisu nifungue. Mama Atieno akanishika mkono.

“Ukifungua saa hii zitaenda kwa karabai. Na watoto wamejaa huko.”

Karabai zilikuwa zimeshawashwa kwa Ogola, mwanga mweupe mpaka huku. Nikakirudisha kisu. Alisema kweli, nami nimemchukia saa nzima.

Jumamosi, 15 Julai

Ochieng amefika alfajiri. Ng'ombe wamepita saa tatu, vumbi mpaka juu ya paa, vijana na mikuki, akina mama wakimsifu marehemu kwa majina yake yote. Hakuna aliyeumwa. Hata mmoja.

Walipokuwa wakimteremsha Ogola mimi nilikuwa hapa, nalowesha gunia.

Saa kumi na mbili watu walipotawanyika nimefungua. Kwenye gogo wametoka wakijikokota, lakini wametoka. Kwenye mzinga wa mbao, kimya. Nimeinua kifuniko. Masega yamelainika kwa joto na kuanguka, asali imetiririka, wote wamelala ndani yake. Wale wa gogo wameponea kwenye nyufa ambazo sikuziziba. Hawa niliwanyima hata tundu la sindano, kwa mikono yangu, nikidhani nawafunika blanketi.

Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumapili, 16 Julai

Ndoo mbili. Nimewafukia chini ya migomba wakati Mama Atieno yuko kanisani. Aliporudi aliutazama mzinga ulio wazi. Akaingia jikoni, akakoroga sukari mwenyewe, akaenda kuweka kisahani karibu na gogo. Aliweka na vijiti.

Jumatano, 19 Julai

Nimekwenda kwa Mama Ochieng, mjane. Ameketi mkekani na wanawake wawili wa ukoo wao. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: nisamehe, sikufika kaburini, na sababu ni hii. Sikupata nafasi.

“Baba Atieno,” akasema, “watu walishangaa. Ng'ombe wote hao, kelele yote hiyo, na nyuki zako zilinyamaza tu. Zilimjua mzee. Zilikuwa zinamlilia.”

Wale wanawake wakaitikia. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona anatabasamu.

Nikasema, “Ndiyo, Mama. Zilimjua.”

Akanimiminia chai. Nikainywa yote.