Kipimo cha Mlango

Bhuj, Gujarat
14 Januari 2024

Mdogo wangu Mwanahawa,

Pokea salamu zangu, na usinune kwa kimya kirefu. Mimi mzima, ila masikio yamegoma. Binti yangu Bhavna akinipa simu nasikia upepo tu, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Magoti yako yanaendeleaje? Mwanao Munira bado yuko Dodoma? Mvua imenyesha, alizeti imeota?

Nina jambo linaniuma. Unaikumbuka toran ya mama yangu, kile kitambaa cha vioo na nyuzi kilichoning'inia juu ya mlango wa nyumba yetu ya duka hapo Kondoa tangu mimi sijazaliwa. Nilikuja nayo huku nikaifungia sandukuni. Juzi alipita mama mmoja anayebadilisha nguo kuukuu kwa vyombo, na Bhavna, bila kujua, akampa. Sasa tuna sufuria mbili za stili zinazong'aa, nikizitazama hata chai sitamani. Nasikia vitambaa vya namna ile hukatwakatwa vikawa mikoba ya watalii. Sikumgombeza. Aliletwa huku kuolewa angali msichana, na mlango ule kwake ni mlango tu.

Kwetu mlango usio na toran unamwambia mgeni kuwa hangojwi. Siku naondoka niliishusha kwa mikono yangu, wewe umenishikia stuli. Mwanahawa, tangu siku ile najiona kama nimejifungia nje mwenyewe. Nimezaliwa nyumba ile, nimeolewa nikiwa mle, nimemtoa marehemu mume wangu mle. Hapa Bhuj wananiita Mwafrika, wanacheka Kigujarati changu kilichojaa maneno ya Kondoa.

Nataka kudarizi nyingine. Nitakutumia, uitundike Diwali ya mwaka huu, nami nikija nipite chini yake. Bhavna ameniahidi safari. Mustapha aliponunua nyumba alionekana muungwana, hatakataa. Kipimo ndicho sina tena. Chukua tepu yako ukanipimie upana wa mlango. Na Munira apige picha, nione rangi iliyopo sasa.

Msalimie kila anayenikumbuka. Na mlango wa kwako ulionigonga paji la uso siku ya akika ya Munira, uambie alama bado ninayo.

Dada yako,
Hansa

*

Kondoa
9 Februari 2024

Dada yangu Hansa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama palepale posta, nikaisoma tena nyumbani nimekaa. Sisi hatujambo, ila magoti ndiyo hayo, nikiinuka yanalia kuliko cherehani. Mvua mwaka huu zimezidi, alizeti imekuwa majani matupu. Munira yupo Dodoma, kazi yake iko kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, anakuja sikukuu hadi sikukuu.

Pole kwa toran. Nilishonea chini yake tangu nikiwa msichana, na mtu akiniuliza nimejifunzia wapi kudarizi kwa vioo, najibu barazani kwa Dada Hansa, tukingoja wateja.

Kipimo ni inchi thelathini na mbili. Nimepima mwenyewe. Picha itabidi usubiri, simu yangu ni kitochi kisicho na kamera na ya Munira iko naye. Mlango haujambo. Kwa sasa nashonea nyumbani, maana jua la asubuhi limekuwa kali mno pale barazani.

Nakutumia kaniki iwe kitambaa cha chini cha kudarizia, ile nzito uliyokuwa ukinifichia ili wateja wengine wasiimalize. Na tafadhali usiweke kasuku na tembo kama za mama yako. Weka wale watu wembamba wa kwenye michoro ya mapangoni Kolo, wenye vichwa vikubwa. Kumbuka tulivyokwenda na marehemu shemeji, akasema wanafanana na wakopaji wake.

Nimekukumbuka, dada. Nikikata kitambaa bado nageuka kukuuliza.

Mdogo wako,
Mwanahawa

*

Kondoa
2 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Tangu Februari sijapata neno lako. Nilikuandikia kabla ya Idi, nikaandika tena baada ya Idi. Munira amempigia Bhavna, anajibiwa mama hajambo, yuko kazini na sindano yake. Kama hujambo na mkono unashika sindano, kwa nini hushiki kalamu? Nina hofu, na nadhani unaijua sababu yake.

Mdogo wako,
Mwanahawa

*

Bhuj
25 Agosti 2024

Mwanahawa,

Marahaba zako zote nilizokulimbikizia. Mimi sijambo kidogo, na wewe hujambo natumaini. Nilikaa kimya kwa sababu nilikasirika, na hasira haiandikiki.

Nilikata kaniki kwa kipimo chako, nikaitandika sakafuni. Nikaiangalia, nikajiuliza: mimi na wewe tulipitaje hapa? Mlango wetu ulikuwa mpana, wa vipande viwili, tuliingiza majora ya vitambaa bega kwa bega, wewe mbele ya mzigo, mimi pembeni, tukigombana nani anavuta. Kwa inchi thelathini na mbili, na mwili huu wa sasa, mimi peke yangu ningepita kiubavu.

Nikakumbuka na lile jua lako la asubuhi. Baraza ile haikuwahi kupata jua la asubuhi, Mwanahawa. Nilikaa pale maisha yangu yote. Na Munira alikuja Idi na simu yake, picha haikuja. Njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa mwongo mwenye huruma.

Basi nikajua mlango haupo. Nililia, Bhavna akadhani ni zile sufuria, akazificha uvunguni. Sikutaka kumweleza. Safari nayo nikamwambia aiache, sina pa kurudi.

Kisha kitu kimoja kikakataa kunitoka. Wewe hujawahi kukosea kipimo. Bibi harusi alipokonda, ulishona upya usiku kucha kuliko kumpa gauni linalolegea. Mtu kama huyo hatungi inchi kichwani. Ulipima mlango wa kweli, tena ni mmoja tu ninaoujua mdogo hivyo, ule wa kwako ulionigonga paji la uso.

Nilipofika hapo nikashika sindano. Hii hapa, ndani ya kifurushi. Nimewaweka watu wa Kolo, wekundu, kila mmoja na kioo chake. Ulimi mmoja wa mwisho, kati ya zile ndimi zinazoning'inia ukingoni, nimeuacha mtupu, sikujua niweke nini. Kama nimekosea mlango, niambie bila kunificha, maana moyo wangu sasa umeshakaa hapo.

Dada yako,
Hansa

*

Kondoa
2 Novemba 2024

Dada Hansa,

Shikamoo, na heri ya Diwali. Hukukosea.

Mvua za Desemba ziliangusha ukuta wa nyuma, Mustapha akaona heri abomoe ajenge fremu za maduka. Alinijia mwenyewe kunieleza, anasikitika. Barua yako ilipofika mlango ulikuwa umeshakwenda, pamekaa lundo la matofali. Nilisimama pale na tepu mkononi, sina cha kupima. Nikafikiri, nikikwambia ukweli utaiweka sindano chini, na ukiiweka chini wewe hutaishika tena, nakujua. Nikarudi nyumbani nikapima wa kwangu. Nilikuwa na hofu ya kukupoteza, dada. Nisamehe.

Siku wanabomoa nilimwomba fundi, Damas, anichomolee ile misumari miwili uliyokuwa ukitundikia toran. Akacheka, akanipa. Jana jioni nimeipigilia kwangu. Munira alishika stuli, amekuja makusudi, na picha ametuma, Bhavna atakuonyesha. Taa nimewasha kizingitini kama mlivyokuwa mkifanya, jirani Mwanaidi akauliza tangu lini nimebadili dini, nikamwambia namngoja dada yangu.

Upana umekaa sawasawa, hata uzi haukuzidi. Upepo ukipita vile vioo vinatupa mwanga hadi kwenye cherehani.

Ulimi wa mwisho sijaugusa. Nimeweka sindano na uzi mwekundu kwenye kikopo juu ya dirisha, utaudarizi mwenyewe ukifika. Mwambie Bhavna safari ile asiiache, na akikuuliza utafikia kwa nani, mwonyeshe picha.

Mlango ni mfupi bado. Ukiingia, inama kidogo.

Mdogo wako,
Mwanahawa