Viti Saba vya Baba Mdogo

Abu Hamour, Doha
Jumanne

Kwa Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini mgongo wako umepoa na Nyanya anaendelea vyema. Sisi ni wazima wa mwili, ila amani hatuna. Barua hii nimempa jirani yetu Mama Peninah, anayekuja likizo, kwa sababu simu za Mama huzipokei. Leo ni siku ya tisa.

Umetuma ujumbe kwamba Mama amekudharau mbele ya ndugu yako. Baba Mdogo Onyango aliwahi kukueleza yake, ukamwamini kabla ya kumuuliza mkeo. Nisamehe, Baba, lakini hilo limeniudhi. Sasa soma na yangu.

Mama alipopata leseni, baada ya kuanguka mtihani mara mbili, ulimwambia gari lichaguliwe na Baba Mdogo kwa kuwa anasimama mahali pako. Sikupenda. Mshahara ni wa Mama, na anayeamka alfajiri kusubiri basi la kwenda kazini kwenye kliniki ya Al Wukair ni Mama. Hata hivyo alitii.

Tulikwenda dukani sote watatu. Uchaguzi ulibaki kati ya magari mawili, yote ya aina ile ndogo iliyoinuka. Jeupe lina viti vitano, na Mama, kwa ufupi wake, aliona barabara yote bila kukalia mto. Tena lingekodiwa kwa mwaka, bima na matengenezo juu ya wenye duka. La kijivu lina viti saba, nalo lilikuwa la kununua kwa mkopo wa miaka minne, ilhali mkataba wa Mama umebakiza miwili. Haya yote niliyaandika kwenye daftari. Baba Mdogo alilinyakua, akanicheka mbele ya muuzaji, akasema hakuja Qatar kufundishwa magari na mtoto wa sekondari. Jeupe aliliita kibiriti, akachagua la kijivu. Mama alipouliza viti saba ni vya nani, maana nyumbani tuko wawili, alimjibu kwamba mwanamke hata usukani hajaushika, maswali tayari.

Vilikuwa vya nani nilijua Ijumaa, baada ya ibada. Dada Ann, anayesali nasi na kufanya kazi hotelini, alinipongeza kwa gari, kisha akaniuliza kama kiti chake cha nyuma, cha dirishani, bado kipo. Baba Mdogo alikuwa amewaahidi watu sita kuwabeba kila asubuhi kwa nauli, yeye akiwa dereva. Mama angerudi kwenye basi lake. Na hapa kubeba abiria bila kibali ni kosa. Gari likikamatwa, jina linalosomwa ni la Mama, na kazi inayopotea ni ya Mama.

Nilimwambia. Alininyamazisha, akasema mumewe ameshatoa neno, naye hawezi kugombana na shemeji yake. Angesaini Jumapili.

Baba, hapa ndipo penye kosa langu. Jumamosi Mama alisahau simu nyumbani, muuzaji akapiga. Unajua sauti zetu, hata wewe hutuchanganya. Aliniita Madam, akauliza kama gari ni lile la kijivu alilosema bwana. Nilimjibu kwamba bwana yule si mnunuzi. Nikaagiza jeupe, la kukodi, kwa mwaka mmoja.

Jumapili tulilikuta limeoshwa na karatasi ziko mezani. Baba Mdogo alifoka mpaka wateja wakageuka. Muuzaji akajitetea kwamba Madam mwenyewe ndiye aliyesema. Mama alinitazama. Kisha akaomba kalamu.

Kwa hiyo aliyedanganya ni mimi. Mama amenipa adhabu ya kufua sare zake mwezi mzima, nami nafua. Baba Mdogo sijamwomba msamaha, na sitamwomba kabla yeye hajamwomba Mama.

Hasira yako ni haki yangu, usimpe mwingine. Kila jioni Mama akishaegesha hubaki garini, akakupigia. Namwona kutoka dirishani, simu sikioni, kinywa kimefumbwa. Halafu hupanda ngazi, akaniambia mtandao ulikuwa mbaya. Naomba, ukimaliza kusoma, upokee. Nitakuwa dirishani nikitazama kama kinywa chake kinafunguka.

Mfikishie Nyanya salamu zangu, na Mungu akulinde.

Bintiyo akupendaye, hata akiwa na hasira,
Stacy Akinyi